Benchi la Diwani

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mapaa ya bati, benchi la barazani lilikuwa limeshajaa. Watu walikaa bega kwa bega ndani ya ukungu, wamejikunyata, wakimsubiri Diwani amalize kunyoa ndevu. Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akiandika majina yao na shida zao katika daftari nene. Kwa kazi hiyo mtaa mzima ulimwita Karani. Jina lake la cheti cha kuzaliwa walilijua walimu tu. Hata wakubwa walikuwa hivyo hivyo. Ukiandika jina la cheti kwenye fomu, jirani yako anauliza, "Huyu mgeni ni nani?"

Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama yake, fundi wa redio. Redio kumi na moja zilinong'ona humo kwa pamoja, nyingine habari, nyingine nyimbo, nyingine mvumo mtupu. Karani aliipenda saa hiyo kuliko saa zote. Sauti za watu na sauti za redio zilichanganyika zikawa kama maji yanayopita mbali, na mara nyingi kalamu ilisimama yenyewe. Aliliona benchi likirefuka, likitoka getini, likipita sokoni na kuvuka reli, na watu wote wa dunia wamelikalia, wanamsubiri baba yake.

"Karani!" mama aliita. "Unaandika au unaota? Shule haikusubiri wewe."

Benchi hilo baba alilichonga mwenyewe, maana alikuwa seremala kabla ya kuchaguliwa. Miaka kumi ilikuwa inakaribia kutimia tangu hapo, yaani vipindi viwili. Sheria ya mji ilisema diwani asizidi vipindi viwili, na uchaguzi ulikuwa umebaki miezi minne.

Jioni moja Muuza Kofia, rafiki wa baba tangu utotoni, aliingia na fomu mkononi.

"Tunaiomba halmashauri ifute hii habari ya vipindi viwili," alisema. "Tukipata sahihi mia mbili kufikia Jumamosi, ombi linasikilizwa."

Mama alitoka chumba cha nyuma na bisibisi mkononi. "Imfutie nani?"

"Shemeji, watu wakimtaka mtu, sheria inawaingilia ya nini? Mchezaji anafunga mabao, wewe unamtoa uwanjani?"

"Mpira una dakika tisini, shemeji. Na filimbi hapewi mfungaji."

Muuza Kofia alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Baba hakucheka. Aliishika fomu muda mrefu, kisha akasema, "Tuwasikilize watu. Sahihi zikifika mia mbili, nitagombea. Zisipofika, ninarudi kwenye randa yangu."

Karani alisikia kila neno. Aliiona baraza tupu, ukungu umekalia benchi peke yake, daftari halina cha kuandikwa. Nani angemwita Karani tena?

Ijumaa alasiri alirudi kutoka shule akaikuta fomu mezani. Muuza Kofia alikuwa ameiacha ili baba aione. Majina yalikuwa mia moja sitini na matatu. Nyumba ilikuwa kimya, mama amekwenda kununua nyaya, na redio moja tu ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini. Jua lilipita dirishani likaangukia daftari. Ndani yake mlikuwa na majina mengi ajabu.

Hawa wote wanampenda baba, alijiambia. Si walikuja wenyewe? Wangekuwepo hapa wangesaini.

Alianza kunakili kama mtu anayetembea usingizini. Mama Mkaa. Mwalimu wa Kwaya. Dereva Mrefu. Alibadilisha kalamu, akabadilisha na mkono. Fundi Baiskeli. Kinyozi. Alipofikisha majina thelathini na saba aliweka kalamu chini, na ni hapo tu aliposikia kwamba ile redio ilikuwa imenyamaza.

Muuza Kofia alipoifuata fomu jioni, macho yalimtoka. "Mia mbili! Nani kazikusanya?"

"Mimi," Karani alijibu. "Nilipita kwa watu."

"Damu ya Diwani hii!" Alimvisha kofia mpya kichwani. Kofia ilikuwa kubwa, ikamfunika macho, naye hakuipandisha.

Jumamosi walikwenda wote kwenye ukumbi wa kata. Njiani Karani aliuliza, "Baba, fomu mnaipeleka tu, basi?"

"Hapana. Kwanza tunaisoma. Jina kwa jina, na anayetajwa anasimama. Asiyefika, jirani yake anamsemea. Mimi ndiye niliyeanzisha utaratibu huo, wewe ukiwa bado unajifunza kusema."

Karani hakulijua hilo. Hakuwahi kuingia ukumbini siku ya kikao. Jumamosi zake zote zilikuwa za kufua. Alitaka kusema pale pale barabarani, lakini aliishusha tu kofia machoni.

Baba alisoma. Watu walisimama na kukaa, wakasimama na kukaa, viti vikilia kama mawimbi. Mia moja na sitini. Sitini na moja. Karani alitamani usomaji usiishe, au uishe hapo hapo.

"Mama Mkaa."

Mama Mkaa alisimama taratibu. "Nipo, Diwani. Lakini mimi sijasaini kitu."

"Mwalimu wa Kwaya."

"Hata mimi. Labda nilisaini ndotoni." Watu wakacheka.

"Dereva Mrefu." Jirani yake alisema yuko safarini tangu Jumatatu. Sasa kicheko kilikuwa kidogo.

"Fundi Baiskeli."

Mwanamke mwenye leso nyeusi alisimama nyuma kabisa. "Mume wangu tulimzika mwezi wa tatu, Diwani. Uliniletea pole wewe mwenyewe. Amesaini kwa kalamu gani?"

Baba aliinamia fomu. Mama Mkaa, Mwalimu wa Kwaya, Dereva Mrefu, Fundi Baiskeli. Mpangilio ule aliujua. Aliinua macho, akamtafuta mtu mmoja tu kati ya watu wote wale.

Karani alivua kofia. "Ni mimi, baba. Niliwatoa kwenye daftari. Nilitaka usiondoke."

Minong'ono ilijaa ukumbini. Muuza Kofia aliruka. "Mtoto huyu! Sikilizeni, tufute hayo, tutafute wengine thelathini na saba. Muda tunao hadi saa kumi!"

"Ngoja, kaka," alisema yule mjane. "Binti, hilo daftari lako, mume wangu yumo mara ngapi?"

Karani hakuhitaji kulifungua. "Mara saba, shangazi."

"Kwa sababu gani?"

"Mtaro. Maji yanaingia chumbani kwenu."

"Mara saba alikaa kwenye lile benchi. Mara saba Diwani alimsikiliza vizuri, akampa mkono. Mtaro hadi leo haujachimbwa. Mimi sina ugomvi na mtu. Nasema tu kwamba mtu akishazoea kusikiliza, mwishowe anadhani amemaliza kazi."

Baba aliikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni.

"Hakuna haja ya wengine thelathini na saba," alisema. "Sigombei. Na kwa mtaro huo nina miezi minne."

Waliporudi nyumbani mama hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Karani zaidi. Alimwita chumba cha nyuma, akampa redio kuukuu.

"Zungusha hicho kitufe."

Karani alijaribu. Hakikuzunguka.

"Mwenyewe alisikiliza stesheni moja miaka mingi. Stesheni nzuri tu, haina kosa. Lakini kitufe kikaganda, sasa hata akitaka nyingine hawezi. Wewe unadhani sheria ile iliwekwa kwa sababu ya madiwani wabaya. Mbaya watu wanamchoka wenyewe. Iliwekwa kwa ajili ya mzuri, ambaye hakuna anayetaka kumgusa."

"Na anayekuja akiwa mbaya?"

"Naye atakuwa na mwisho wake. Unaona faida?" Mama alichukua bisibisi. "Sasa lako wewe. Jina la mtu ni mali yake. Ulichukua thelathini na saba bila kuomba. Utakwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kuanzia kwa yule shangazi. Kwa miguu. Na kofia ya watu urudishe."

Ilimchukua siku tisa. Wengine walimgombeza, Kinyozi alicheka, Mwalimu wa Kwaya alimsamehe kabla hajamaliza sentensi. Kwa mjane alikaa sana, akaangalia alama za maji ukutani, zimepanda moja juu ya nyingine kama mistari ya daftari.

Mtaro ulichimbwa mwezi wa tatu kati ya ile minne. Siku baba alipokabidhi ofisi, yeye na Karani walibeba benchi, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakapita sokoni na kuvuka reli.

"Baba," Karani aliuliza, "kama zingefika mia mbili za kweli, ungegombea?"

"Ningegombea. Na ningeendelea kuwapa watu mkono." Alihamisha uzito begani. "Ndiyo maana mtu hapaswi kuachiwa ajiwekee mwisho mwenyewe, mwanangu. Hata mimi. Hata ukinipenda."

Waliliweka mbele ya ofisi ya kata. Asubuhi iliyofuata Karani alipita pale akielekea shule. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, na watu walikuwa wamekaa bega kwa bega wakimsubiri diwani mpya, mwanamke mwenye haraka ambaye hakumjua Karani. Diwani alipofika alimtazama, akauliza, "Na wewe binti, unaitwa nani?"

Akamtajia jina lake la cheti.