Mwizi Aliyezunguka Madhabahu

Sanamu haikuwapo. Juu ya kibao cha mbao, mkono wa kulia ukiingia hekaluni, palibaki duara safi katikati ya vumbi la saruji.

"Krishna mchanga, wa shaba," alisema Mwenyekiti Hasmukh akijifuta jasho. "Wazee wetu walikuja naye kutoka Kachi, kule India, Malindi haijawa na barabara. Mwizi ni mlinzi, na mshamfunga. Basi wataka nini tena?"

Kweli, Jefwa mlinzi alikuwa seli. Mkuu wa kituo alipigiwa simu tu, pingu zikatoka. Inspekta Randu aliwajua. Ndio wakubwa hao. Mkewe alipokufa wodini kwa kukosa damu, hakupatikana wa kuulizwa. Ikipotea sanamu, maskini yu tayari.

Akachutama. Mafundi walikuwa wakikwangua michoro ya kale ukutani ili wabandike vigae, na vumbi lao lilitunza kila unyayo. Nyayo hizi zilikuwa za miguu mitupu. Ziliingia, zikashika kushoto, zikazunguka madhabahu yote, ndipo zikafikia kibao. Na kibao chenyewe kilikuwa karibu na mlango, mtu angenyoosha mkono akachukua.

"Mwizi gani huyu wa kuzunguka?"

"Sisi huzunguka hivyo, Mungu akae kuliani. Jefwa atakuwa ameiga."

"Mtu yuko mbioni kuiba, asimame aige ibada? Nini kingine kimepotea?"

"Kisanduku cha nguo za Krishna. Vitambaa tu. Huvishwa kila asubuhi, kama mtoto."

"Alizishona nani?"

"Savitaben, marehemu. Mke wa Jayantilal wa duka la nguo."

Jua la mchana lilikuwa likichoma. Duka lilifunguliwa mlango mmoja. Mzee Jayantilal alikaa nyuma ya meza, na nyuma yake pazia limefungwa.

"Shikamoo, mzee. Jana mafundi walipoondoka hekaluni, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Na nani?"

"Na nani tena? Mimi mgane."

"Hukufika hekaluni?"

"Hekalu lipi? Lile wanalolitia vigae kama choo cha hoteli?"

Randu akapiga meza kwa kiganja. "Mzee, usinichezee!"

"Taratibu, utamwa..." Jayantilal akauma ulimi.

"Nitamwamsha nani?"

Mzee akatazama pazia, kisha akatazama miguu yake.

"Jefwa amefungwa kwa ajili yako," alisema Randu.

"Jefwa?" Mzee akainuka, meza ikayumba. "Jefwa aliyenishika mkono siku ya kuuchoma mwili wa mke wangu Savita? Nani kamfunga mtu yule?"

Akavuta pazia mwenyewe. Juu ya kitanda kidogo alilala Krishna wa shaba, amefunikwa shuka isiyozidi kiganja.

"Huu ndio wakati wake wa kulala," alinong'ona. "Ni mimi, Inspekta. Kidole chake kimemeguka. Savita alimwangusha akimwogesha, akalia mpaka macho yakavimba. Sasa kamati yasema aliyevunjika haabudiwi, atoswe baharini, waletewe mwingine wa marumaru. Sisi hatukujaliwa mtoto. Mke wangu alimvisha huyu mpaka siku ya kufa. Majivu ya Savita niliyatia baharini kwa mikono hii. Na huyu pia nimtie?"

Randu alimngoja Krishna aamke, ndipo wakaondoka wote watatu.

Jioni Hasmukh alikuja kituoni ametuna. "Nipeni sanamu. Kesho tunaitosa."

"Hiki ni kielelezo, Mwenyekiti. Hakitoki mpaka kesi iishe."

"Na itaisha lini?"

"Ah! Hilo waulize wakubwa wenzako."

Jefwa alikuwa ameshakwenda kwake. Jayantilal aliachiwa kwa bondi, kwa sharti la kuripoti kituoni kila asubuhi.

Kulipokucha alifika na maziwa na kijikanzu cha manjano. Randu akamfungulia stoo ya vielelezo. Mzee akavua viatu mlangoni, akashika kushoto, akazunguka madumu yote ya pombe ya mnazi yaliyokamatwa, ndipo akamfikia mtoto wake.