Kichanja cha Nakijwa

Sogeeni, wajukuu. Goti kwa goti. Anayetafuna amalize. Sasa kimya, mpaka tusikie jivu likipoa.

Palikuwa na Nakijwa, mtoto wa mlimani. Miguu yake ilikaza, haikukubali kutembea.

Kwa hiyo Mama alimbeba. Kisimani, mgongoni. Shambani, mgongoni. Chooni, mgongoni.

Nakijwa akakua. Mgongo wa Mama haukukua.

"Fyuuu," Mama akashusha pumzi. Akamtania kwamba amekuwa gunia la viazi. Nakijwa hakucheka. Alitaka mgongo wa Mama upumzike.

Ndipo akaja Dada Zaituni, anayepita nyumba kwa nyumba kufundisha mazoezi. Akamnyoosha Nakijwa miguu, polepole. Akamwonyesha Mama. Akamwomba Baba aweke fito mbili uani, mtoto ashike huku na huku.

Baba akachimbia nguzo. Gongo, gongo. Akafunga fito.

Taratibu, taratibu.
Mguu huu, halafu huu.

Nakijwa akajaribu. Kwaru... akakaa chini. Kesho yake, kwaru... akakaa chini tena. Akachoka. Mama akachoka. Hata Baba, aliyeshika kiuno tu, akachoka.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa safarini kwa shangazi. Aliporudi, akaziona fito. Akafurahi kweli. Akadhani mwanawe amemjengea kichanja cha vyombo.

Akatandika vijiti kule mwisho. Akapanga sufuria na vikombe, vikauke.

Mama akaguna. "Mama, hicho si kichanja. Hiyo ni miguu ya Nakijwa."

"Miguu gani inabeba sufuria?" Bibi akauliza.

Wakacheka, ila cheko la watu waliochoka. Mama akaketi, akaegemea ukuta. Akafumba macho.

Nakijwa akaona kiu. Kikombe chake cha bluu kilikuwa kule, mwisho wa fito. Akamtazama Mama. Hakumwita.

Akajivuta, akasimama. Akashika huku, akashika huku.

Taratibu, taratibu.
Mguu huu, halafu huu.

Kwaru. Kwaru. Fito zikatikisika. Sufuria zikalia, kolo, kolo.

Mama akafumbua macho. Akataka kukimbia.

"Kaa, Mama," Nakijwa akasema. "Nakifuata mwenyewe."

Mkono ukafika. Ting. Kikombe hiki hapa.

Tangu siku hiyo Bibi aliacha kikombe kulekule, makusudi. Asubuhi Bibi ndiye alimnyoosha Nakijwa miguu. Mchana, Mama Mbonea, jirani. Jioni, Baba. Mama hakuwa peke yake tena.

Usiku mmoja Mama alisinzia kabla ya mtoto. Nakijwa akashika ukuta.

Taratibu, taratibu.
Mguu huu, halafu huu.

Akaichukua mbeleko, nguo ile aliyobebewa. Akamfunika nayo.

"Lala, Mama."

Baadaye fito alizirithi Mbonea mdogo, mtoto wa yule jirani, ambaye naye miguu ilikaza. Bibi alipata kichanja chake, cha kweli. Kikombe cha bluu kilikwenda kwa mdogo wake Nakijwa, aliyezaliwa nyuma yake.

Na mgongo wa Mama? Huo ulirithi usingizi.