Msikilizaji wa Mama

Sanduku lilikuwa na kufuli, lakini ndani yake kurasa zilikuwa zikifunuliwa.

Fundi saa aliweka chini kibano, akatega sikio. Fwap. Kimya. Fwap. Taratibu, kama mtu anayesoma kwa kidole. Sandukuni mlikuwa na vitabu vya dini vya marehemu mama yake, aliyevisoma kwa sauti katika chumba hicho hicho kila alasiri, miaka arobaini. Fundi mwenyewe aliiacha dini wiki aliyomzika binti yake wa pekee. Hakugombana na mtu. Alijaribu kuomba, maneno yakakataa kutoka.

"Panya," alijiambia. Lakini panya gani huyo anayeanza saa kumi kamili kila siku?

Siku ya nne akavitoa uani avichome.

"Vya marehemu hivyo!" dada yake mkubwa alimaka. "Kama vimekushinda, nipe mimi."

"Wewe hujui hata kusoma, dada."

"Sijui kusoma, ila kuogopa najua."

Akawasha kiberiti. Moto ulipogusa jalada la kwanza, kilio kikaanza ndani ya nyumba isiyo na mtu, kilio cha chini chini cha mtu mzima aliyejiziba mdomo, kikatoka chumbani, kikapita ukumbini, kikafika mlangoni pamoja na harufu ya udongo mbichi, ile ile aliyoinusa makaburini siku ya binti yake, na mkeka uliokuwa kizingitini ukabonyea katikati, polepole, kama vile aliyeukalia ameishiwa nguvu za miguu.

"Zima," dada alinong'ona. "Zima, ndugu yangu."

Aliuzima kwa viganja.

Mganga waliyemwita kesho yake, mama mtu mzima, aliutazama mkeka wala hakufungua mkoba wake wa dawa.

"Huyu jini hana ubaya. Marehemu alikuwa na msikilizaji, basi. Anataka asomewe."

"Mimi siamini tena, mama."

"Nani kakuuliza kama unaamini?"

Fundi akasoma. Mkeka ukabonyea mbele yake. Ukurasa wa tatu, pembeni, akakuta mwandiko wa mama: jina la binti yake, na neno moja, *apone*. Sauti ikamkatika. Mkekani, sauti nyingine, kavu, ikaendelea pale alipoishia bila kukosea neno.

"Siwezi," fundi alisema. "Nisamehe. Siwezi."

Jioni ile alivibeba vitabu hadi kwa bibi mmoja jirani, aliyekuwa akisali na mama yake. Hatua moja nyuma yake, kitu kilimfuata kikihema. Alirudi peke yake.

Wiki mbili nyumba ilitulia. Kisha dada akaja, akasimama mlangoni.

"Bibi anasoma kila alasiri. Anasema hasumbuliwi. Ila akifunga kitabu tu, anaulizwa swali moja."

"Swali gani?"

"'Fundi hajambo?'"

Fundi aliinamia saa ya mteja.

"Mwambie sijambo."

Dada yake akamfungia mlango taratibu, apate kulia.