Alichokiona Miora

Kila siku kabla ya kwenda shule, Miora alimsaidia bibi yake, Bi Lalao, kuuza vitumbua karibu na stesheni ya reli ya Antsirabe, mji wa milimani huko Madagaska. Wateja wao wakubwa walikuwa wavuta riksha. Walikuja wakiwa peku hata katika baridi ya Juni, wakala wamesimama huku wakitaniana, kisha wakashika tena mikono ya riksha zao.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito. Bibi alimtuma Miora kuchota maji kwenye bomba lililo kando ya mashamba ya mpunga. Alipokaribia, alisikia mtu akiguta kwa maumivu. Mbele yake, mtu aliyejifunika blanketi jekundu mpaka puani alikuwa akimpiga mwenzake kwa nondo. Aliyepigwa alianguka kando ya riksha yake, akanyamaza.

Ndoo ilimponyoka Miora. Kusikia kishindo chake, yule mtu aligeuka, akamtazama, kisha akatimua mbio kuelekea mashambani.

Miora alipiga ukunga, na watu wakaja mbio. Aliyelala pale alikuwa Mzee Ndriana, kiongozi wa wavuta riksha. Alikuwa bado anapumua, ingawa damu ilikuwa ikimtoka kichwani. Wenzake walimpandisha kwenye riksha yake mwenyewe na kumkimbiza hospitali.

Waliobaki walimzunguka Miora.

"Umemwona, mwanangu?" aliuliza Mama Fanja, muuza mkaa.

"Nimeona mtu mwenye blanketi jekundu."

"Basi ni Rivo huyo, yule mvuta riksha wa blanketi jekundu. Jana si aligombana na mzee pale stesheni, sote tukisikia?"

"Nilisema mimi," mwanamume mmoja akadakia. "Mtu wa kuja huyo, hatujui hata katoka kijiji gani."

"Ni Rivo, sivyo, mwanangu?" Mama Fanja akauliza tena.

Wote walikuwa wakimtazama. Miora alitaka waondoke.

"Ndiyo," akasema. "Ni Rivo."

Polisi walipewa jina hilo, wakamkuta Rivo stesheni, akikaza gurudumu la riksha yake. Aliwaambia kuwa blanketi lake alilianika uani jana yake, likatoweka.

"Limeota miguu?" kijana mmoja akamdhihaki, na watu wakacheka. Rivo alichukuliwa.

Shuleni habari zilikuwa zimeshafika. Wanafunzi walimsonga Miora wakitaka awasimulie, na yeye akasimulia. Ni Haja tu, rafiki aliyekaa naye dawati moja, aliyeuliza swali tofauti.

"Uso wake ukoje akiwa na hasira?"

"Ulikuwa umefunikwa."

"Sasa ulimjuaje?"

"Kwa blanketi."

Haja alifikiri kidogo. "Hata baba yangu analo jekundu. Naye atafungwa?"

Miora aliinamia daftari lake. Mchana, nyumbani, hakugusa wali wake. Bi Lalao alimtazama, akasogeza sahani pembeni.

"Sema, mjukuu wangu. Njaa haikimbii bila sababu."

Miora akamweleza yote, na machozi yakamtoka. "Nikienda kusema sikumwona, wataniita mwongo. Na aliyempiga mzee yuko nje, bibi. Aliniona."

Bi Lalao hakumwambia asiogope. Alijitanda shuka lake, akamshika mkono. "Hata mimi naogopa," alisema. "Ndiyo maana tutakwenda wote wawili."

Kituoni walipokewa na Afande Vololona, mwanamke mpole wa sauti. Alifunga mlango kabla ya kuketi.

"Nisimulie ulichokiona," alisema. "Ulichoambiwa na watu kiache nje. Pale usipojua, sema hujui."

Miora alianza na bomba, akaeleza nondo na blanketi. Uso hakuuona. Urefu wake hakuweza kuukadiria, kwa sababu alikuwa ameinama.

"Akakimbilia wapi?"

Miora alifumba macho. "Aliruka mtaro. Mguu mmoja ukazama kwenye tope. Akauvuta kwa nguvu, halafu akawa anakimbia akichechemea, kama mtu mwenye kiatu upande mmoja."

Afande aliinua kichwa. "Mbona hukulisema hili asubuhi?"

"Hakuna aliyeniuliza. Walitaka jina tu."

Jioni hiyohiyo polisi walichimbua kwenye tope ng'ambo ya mtaro, wakatoa buti la mpira la mguu wa kushoto. Rivo, kama wavuta riksha wenzake, hakuwa na buti. Siku ya pili walilipata la kulia nyumbani kwa Solofo, fundi aliyetengeneza riksha katika ua uleule ambamo blanketi lilianikwa. Blanketi lenyewe lilikuwa chini ya kitanda chake, lina damu.

Mzee Ndriana alipopata fahamu, alieleza kilichobaki. Alikuwa amemkamata Solofo akifungua magurudumu ya riksha za watu ili akayauze, akamwambia atamtaja mbele ya wote. Ugomvi wake na Rivo ulikuwa wa zamu ya abiria tu, jambo la kila siku.

Solofo alikamatwa, na Rivo akaachiwa. Kesho yake alikuja kwenye vitumbua kama zamani. Miora alisimama mbele yake.

"Kaka Rivo, nilisema nimekuona, kumbe sikukuona. Nisamehe."

Rivo aliweka chini mikono ya riksha yake. "Kule ndani nilijiuliza nimemkosea nini mtoto huyu," alisema. "Bado moyo wangu haujatulia, sitakudanganya. Lakini wewe ulirudi kusema kweli. Wale waliokusaidia kunitaja, hajaja hata mmoja."

Alipokea vitumbua vyake, akainama kidogo kumuaga Bi Lalao, akaenda zake.

Miora alimtazama mpaka alipopotea barabarani. "Bibi, mimi sikukusudia kusema uongo."

"Najua," alisema Bi Lalao. "Macho yako yalifanya kazi yake vizuri, ila ulimi ukaazima maneno ya watu. Ushahidi ni amana, mjukuu wangu. Unaubeba ulivyoupokea, huongezi na hupunguzi. Na ukigundua umeongeza, unarudi siku ileile, kwa sababu kuna mtu amefungiwa ndani ya neno lako."