Majina Kwenye Saruji

Kila asubuhi Kulusumu alichoma chapati mbele ya nyumba yake, mtaa wa Nkoma, mjini Mbale. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mwaka ule wa 1987 kuhara kuliingia mtaani. Jirani alikwisha kuzika mtoto. Sasa Hajara, mjukuu wake Kulusumu, alilala mkekani, macho yameingia ndani.

Akaja Namono, mwalimu wa chuo kikuu, na daftari mkononi. "Mama, nataka kuandika jina ya kila nyumba iko na mgonjwa."

"Funga daftari," Kulusumu alisema. "Wakati ya maaskari waliandika jina ya bwana yangu hivyo hivyo. Mpaka leo hajarudi. Hapa jina haiandikwi."

Wanawake waliongojea chapati wakasimama upande wake. Namono akalifunga daftari.

"Sawa, Mama. Nyinyi mnajua mtaa, mimi najua kupima maji. Tufanye pamoja. Lakini kwanza huyu mtoto."

Akamwonyesha: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. "Umpe kidogo kidogo. Akizidi kulegea, mbio hospitali."

Mtaa ulichota maji kwenye chemchemi mbili. Kulusumu akaleta maharage na sahani mbili, moja ya chemchemi ya juu, moja ya chini. Kila mwenye mgonjwa akaweka punje kwenye sahani ya chemchemi anayochota. Kufika adhuhuri, sahani ya chini ilijaa. Ya juu ilikuwa na punje mbili tu.

Wakaenda kuangalia. Juu kidogo ya chemchemi ya chini palikuwa na choo walichochimba maaskari. Zamani nani angethubutu kuwakataza? Namono akapima maji, akakuta uchafu wa choo.

"Miaka yote tumekunywa choo yao," Kulusumu alisema.

Mzee Mugweri wa kamati ya mtaa akasema, "Mngoje kibali kabla ya kugusa choo."

"Kuzika watoto tulingoja kibali?" Kulusumu akamwuliza.

Siku ileile wakakifukia choo kwa udongo, wakaacha kuchota chini. Wanafunzi wa chuo wakaleta saruji, wanawake wakabeba mawe, wakaijengea chemchemi ya juu. Maji ya kunywa wakayachemsha. Mwezi ukaisha bila msiba, na Hajara akarudi kuiba chapati.

Siku ya kumaliza, saruji ikiwa mbichi, Kulusumu aliokota msumari. Akaandika jina lake, kisha la mumewe, Jafar.

Akawapa wenzake msumari. "Andikeni. Hii tunaandika sisi."