Mdundo wa Cherehani

Kila siku baada ya masomo, Redio alipitia kwenye kibanda cha mama yake mdogo, fundi cherehani, kabla ya kwenda nyumbani. Jina la Redio alipewa na wenzake darasani kwa sababu hazimiki. Akifagia anaimba, akifua anaimba, hata hesabu anazifanya huku anavuma puani kama nyuki. Pale kibandani kazi yake ilikuwa kuokota vipande vya kitambaa vilivyoanguka chini, kuvitia kwenye gunia, kisha kufanya kazi za shule kwenye benchi la wateja.

Lakini wiki hiyo alikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote. Klabu ya filamu ya shule ilikuwa imemaliza kupiga filamu fupi ya msichana anayewahi mtihani huku kila kitu njiani kinamchelewesha. Filamu hiyo ingeonyeshwa siku ya wazazi, kwenye ukuta wa ukumbi, watu wote wakitazama. Kilichobaki ni wimbo tu. Na nani alinyoosha mkono akasema, "Wimbo niachieni mimi"? Redio, nani mwingine.

"Sawa," mwalimu wa muziki akamwambia. "Ijumaa tuusikie. Ukikosekana, filamu itaonyeshwa bila wimbo."

Jumatatu Redio aliomba simu ya mama mdogo. "Natafuta mawazo tu," alisema.

Akafungua video ya mwimbaji anayempenda. Chini yake ikatokea nyingine, ya watoto wanaopiga ndoo kama ngoma. Hiyo hakuna anayeikataa. Halafu kipande cha filamu, halafu video ya jinsi filamu hiyo ilivyotengenezwa, halafu paka anayeogopa tango, halafu paka mwingine asiyeogopa tango. Alipoinua kichwa, mama mdogo alikuwa anafunga dirisha.

"Mawazo umeyapata?"

"Mengi sana, mama mdogo."

"Niimbie moja."

Redio akafungua mdomo, ukatoka mlio wa paka.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo tena, mpaka simu ikaisha chaji na wateja wawili wakaja juu kwamba wamepiga simu fundi hapatikani. Ikafika Alhamisi, wimbo bado. Ndipo akakutana na video ya msichana mmoja asiyejulikana, amekaa kitandani na gitaa, anaimba wimbo mtamu wa kuondoka nyumbani. Waliowahi kuutazama walikuwa wachache mno. Redio akajiuliza, nani ataujua huu? Akauchukua wote, mwanzo mpaka mwisho. Akatoa maneno ya safari, akatia maneno ya mtihani. Kazi imekwisha.

Ijumaa aliimba mbele ya klabu. Watu walipiga makofi hadi viti vikasogea. Mwalimu alisema, "Huyu mtoto ana kitu." Redio alijisikia mrefu kama mlingoti. Mmoja tu hakupiga makofi: Kamera, mvulana aliyeshika kamera ya klabu na ambaye ndiye aliyeiunganisha filamu nzima.

Kamera alimngoja nje ya darasa. Akatoa simu ya kaka yake mfukoni, akaibonyeza. Gitaa likalia: kaka huyo alikuwa mmoja wa wale wachache.

"Redio," akasema taratibu, "leo umeshika stesheni ya mtu."

"Nimebadilisha maneno."

"Ukipaka rangi baiskeli yangu, itakuwa yako?"

Redio akauliza, "Utamwambia mwalimu?"

"Mimi simwambii. Utamwambia wewe, Jumatatu. Usipomwambia, siuweki kwenye filamu. Mimi nimekimbia na kamera mpaka viatu vimetoboka, sitaki siku ya wazazi mtu asimame aseme filamu yetu ni ya wizi."

Jumamosi asubuhi Redio alifika kibandani akiwa kimya, na Redio akiwa kimya kila mtu anajua kuna jambo. Mama mdogo alikuwa na mteja, dada mmoja anayekwenda harusi ya rafiki yake, ameshika simu yenye picha ya gauni.

"Fundi, nataka mshono huu. Huu huu, usiongeze wala usipunguze."

"Nyanyua mikono nikupime."

"Unipime ya nini na picha hii hapa?"

"Dada yangu, nikikata kwa mwili wa huyo wa kwenye picha, gauni utalivaa wewe au italivaa simu?"

Dada akacheka, akanyanyua mikono. Mama mdogo akapima mabega, kifua na kiuno. "Kola hii nzuri, nitaiazima," akasema. "Mikono nitakushonea mifupi, wewe mikono mirefu itakumeza. Na huku chini nitakuwekea marinda yangu mwenyewe. Ukiulizwa, sema kola tuliiona kwa fundi fulani, mengine ni ya hapa."

Mteja alipoondoka, Redio akauliza, "Mama mdogo, sasa huo si wizi?"

"Upi?"

"Wa kola."

Mama mdogo akaacha kukanyaga cherehani. Akamtazama. "Umefanya nini, mwanangu?"

Yote yakatoka kwa mkupuo mmoja, pamoja na machozi na paka wa tango. Mama mdogo hakupiga kelele.

"Mimi nimeazima kola, na nasema nimeitoa wapi. Gauni nalikata mwenyewe kwa mwili wa huyu dada. Wewe umebeba gauni zima la mtu, umebadilisha vifungo, ukasema umelishona." Akanyoosha mkono. "Simu."

Simu ikaingia kwenye droo ya cherehani. Droo ikafungwa.

"Nikikaa dirishani nitazame nguo za wapita njia kutwa nzima, nitashona saa ngapi? Kaa hapo."

Redio akakaa. Hakuna cha kutazama, hakuna cha kubonyeza. Alichoka hadi akaanza kuhesabu vifungo kwenye kopo. Mama mdogo akarudi kazini: tika-tika-tika-tika, kituo, tika-tika-tika-tika. Mkasi ukalia kracha. Pasi ikagusa kitambaa chenye maji, fshiii.

Redio akainua kichwa.

Alikumbuka kipande kimoja cha filamu alichokitazama Jumatatu, ambapo unasikia nyayo za mtu kabla hujauona uso wake, na moyo wako unaanza kwenda mbio bila kuambiwa. Na hii cherehani ilikuwa inakimbia kabisa. Ilikuwa ni yule msichana wao anayewahi mtihani! Kituo, ni pale anapozuiwa njiani. Kracha, anachomoka. Redio akaanza kupiga mapaja, akaanza kuimba, mama mdogo naye akaongeza mwendo bila kugeuka. Kutoka kwenye wimbo wa gitaa alibakiza kipande kifupi tu, cha kuweka mwishoni mlango wa darasa unapofunguka. Kola.

Jumatatu alimweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu akasema, "Kupenda wimbo wa mtu si kosa. Kosa lilikuwa kutomtaja mwenye wimbo. Twende tumwombe." Wakamwandikia msichana wa gitaa ujumbe kwa simu ya mwalimu. Jibu lilikuja kabla ya mapumziko: kitumieni kipande hicho, mtaje jina langu, na mnitumie nisikie. Jioni hiyo Kamera alikuja kibandani na kinasa sauti cha klabu. Aliposikia tika-tika ya kwanza, akatabasamu mpaka masikioni.

Siku ya wazazi taa za ukumbi zilizimwa. Kabla picha haijatokea, ikasikika tika-tika-tika-tika gizani, na sauti moja kutoka safu ya nyuma ikasema, "Hiyo si mashine yangu hiyo?" Ukumbi mzima ukacheka. Kisha yule msichana akaanza kukimbia ukutani na hakuna aliyecheka tena. Wazazi walisogea mbele kwenye viti kama wanamsukuma. Mlango ulipofunguka na kile kipande cha gitaa kikaingia, watu walisimama. Maandishi ya mwisho yalimtaja Redio, msichana wa gitaa, na cherehani ya mama mdogo. Watu wakadai irudiwe. Ikarudiwa.

Kesho yake kibandani, simu ililia ndani ya droo. Mwalimu alikuwa amewatumia ujumbe wa msichana wa gitaa: "Huo mdundo wa cherehani umenikaa kichwani. Naweza kuuazima?"

Redio aliitoa, akausoma ujumbe kwa sauti.

"Umeona?" mama mdogo akasema. "Tazama filamu, sikiliza nyimbo, zifurahie. Ukikipenda kitu, jiulize kimetengenezwaje, kisha weka simu chini utengeneze chako. Ukiazima, omba na useme. Kisha siku moja na wewe utaombwa, kama leo." Akavuta kitambaa chini ya sindano. "Mjibu kwamba ruhusa ipo, mwenye mashine amekubali. Halafu simu irudi kwenye droo, tuna kazi."