Panya Hana Koleo

Teresia, anayeuza mitumba karibu na geti la soko la Gakoromone, anaapa kwa kaburi la mamake kwamba gari lile lilikuwa na pepo. Anadai mwenye gari alilizima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, na bado likaendelea kunguruma kama dume la ng'ombe lililonusa damu. Anadai kuku wawili wa jirani yake walikufa kwa hofu. Tena anadai Kaari alikuja, akaweka mkono kwenye boneti, akanong'ona maneno matatu ya Kiembu, na pepo likatoka mbio.

Ya kuku ni uongo. Ya ufunguo ni kweli tupu.

Kaari alikuwa amekuja kununua viazi tu. Alivaa ovaroli ya buluu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, na blauzi ya manjano juu. Alikuwa fundi wa waya za magari pale Makutano, msichana wa Embu aliyeishia darasa la nane, akajifunza kazi kwa kutazama mikono ya wengine miaka mitatu kabla hajaruhusiwa kushika koleo. Aliona umati kwanza, halafu akamwona mwenye gari: kijana mrefu, sweta ya kijivu, shati lililopigwa pasi likanyooka, na jasho usoni katika baridi yote ile ya Julai.

"Si uzime, bwana!" mtu alimpigia kelele.

"Nimezima! Ufunguo si huu?"

"Basi litafutie pasta!"

Watu walicheka. Kaari akaweka viazi chini. "Fungua boneti, mwalimu."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye sikio."

Alifungua kisanduku cheusi pembeni mwa injini, akagusa vijidude vya ndani kimoja kimoja kama mtu anayechagua parachichi. Kimoja kilikuwa moto. Akakichomoa. Feni ikashusha pumzi, ikanyamaza.

"Hii ni rilei," alisema. "Ndiyo mlango wa kupitishia feni umeme. Umegandana ndani, umekataa kujifunga. Hata uzime gari, feni itanyonya betri mpaka iishe."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Fundi."

"Fundi nani?"

"Nunua rilei mpya kwanza. Jina utaongezewa."

Akanunua. Akaongezewa jina, na namba ya simu pia.

Yeye aliitwa Mwongera, mtu wa Mikinduri, na alifundisha shule ya msingi kule Muthara. Tangu siku hiyo simu ya Kaari haikupumzika.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umesahihisha vitabu?"

"Vyote. Mahali pa kuandika 'vizuri' nimeandika 'Kaari'."

"Watoto wa watu watafeli kwa sababu yako."

"Wacha wafeli. Nimemwambia mama habari zako."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba kuna msichana anayesikia gari likiugua akiwa ng'ambo ya soko. Anataka kukuona. Niseme lini?"

Kaari hakutaja siku. Lakini usiku huo alifua ile blauzi ya manjano.

Mwezi wa Agosti gari likarudi gereji, linanguruma tena. Kaari alisema lilale pale, kwa sababu ugonjwa huo huonekana vizuri injini ikiwa baridi. Asubuhi Mwongera alikuja na chapati nne kwenye gazeti. Kaari akawasha. Injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na feni ikaanza papo hapo kwa nguvu zote.

Akazima, akachomoa rilei, akawasha tena: kimya. Akaweka ile ya honi mahali pake, maana ni pacha: ngurumo.

"Rilei ni nzima," alisema. "Safari hii inatumwa. Sasa, nani anaituma?"

Akafuata waya kwa vidole, polepole, mpaka kwenye kipima joto kilichofungwa ubavuni mwa injini. Waya moja ilikuwa inaning'inia.

"Gari lina ubongo," alimweleza bila kuinua kichwa. "Kila saa ubongo unauliza hapa: kuna joto kiasi gani? Waya ikikatika, hakuna anayejibu. Na gari lisipojibiwa halisemi labda niko salama. Linajiona linaungua, linawasha feni yote. Na ule mshale wa joto mbele ya dereva unalala chini tu, hata injini ikichemka."

"Ni panya," Mwongera alisema upesi. "Kwetu panya ni wengi."

Kaari akaishika ncha ya waya kwenye mwanga. Shaba iling'aa, imekatwa sawasawa.

"Panya hana koleo, Mwongera."

Alicheka, lakini kicheko kilichelewa. Kaari akaunga waya, akaifunga vizuri, kisha akaonyesha mpira wa maji chini ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa. "Huu nao unatokwa na jasho. Ununue mwingine. Mpaka ununue, jicho lako likae kwenye mshale. Ukipanda, simama."

"Nitamwambia Antony pia." Antony alikuwa mdogo wake, ndiye aliyekuwa akimpeleka mama yao kliniki ya macho Embu.

"Sawa. Sasa niambie ni nani anayefungua gari lako."

Mwongera akainama kulikunja gazeti la chapati.

"Una mke?"

"Sina, Kaari!"

"Una adui?"

"Wacha hiyo maneno ya waya, mpenzi. Si umeshaunga?"

"Mimi sijauliza waya. Nimeuliza mtu." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Mtu alikuwa ameingiza mkono kwenye gari la mwanamume huyu, na mwanamume huyu hakuogopa hata kidogo. "Siwezi kupelekwa kwa mamako na mtu ninayemsikia lakini simwelewi. Usinipigie mpaka uwe na jina la huyo mtu."

Chapati zilibaki kwenye gazeti.

Wiki mbili zikapita. Alisoma jumbe zake zote, hakujibu hata mmoja. Kungoja alikuweza. Kudanganywa ndiko hakukuweza, na moyo wake ulikwisha kukubali kwamba kuna mwanamke mwingine.

Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, simu ikalia.

"Kaari, usikate. Nina jina."

"Sema."

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekata waya. Ile rilei yako ilifanya kazi vizuri sana, nikakosa sababu ya kuja gereji. Nilitaka nikae hapo asubuhi nzima nikikutazama, basi."

Kicheko kilimpanda Kaari hadi kooni. "Mwalimu mzima! Mjinga wewe."

"Mjinga wako. Na jana jioni nimeikata tena. Nilitaka nije kesho nikwambie uso kwa uso."

Kicheko kikafa pale pale. "Gari liko wapi?"

"Antony amelichukua. Kliniki wamempigia mama aende leo badala ya Jumatatu. Nimejua nikiwa shuleni."

"Ulimwambia kuhusu waya?"



"Niliona haya. Lakini Antony ni mwangalifu, Kaari. Nilimwambia aangalie mshale, ukipanda asimame."

"Huo mshale hautapanda!" Koleo lilimponyoka. "Mpira wa maji, ulinunua?"

"Bado."

"Mpigie!"

"Akiendesha huzima simu. Ni mimi nilimfundisha hivyo."

Mwongera alikodi gari, akampitia Makutano. Walipita Nkubu, wakapita Igoji, kila mmoja akitazama kando ya barabara. Mteremko wa Nithi ulipoanza, alimshika mkono, naye hakuuondoa.

"Utanisamehe?"

"Ngoja kwanza tuwaone."

Waliwaona ng'ambo ya daraja, kwenye mlima wa kuelekea Chuka. Boneti ilikuwa wazi. Feni ilikuwa ingali inanguruma kwa nguvu zote, inapoza rejeta isiyokuwa na tone la maji. Antony alikuwa amelazwa kwenye nyasi, shati limegandana na kifua, uso umevimba na kung'aa, na mwanamke mmoja akimmwagia maji kwa jagi. Pikapu ilikuwa inageuzwa ili imkimbize hospitali. Antony alikuwa amesikia harufu, akaangalia mshale, akauona uko chini, akaamini injini haina joto. Basi akafungua kifuniko cha rejeta, na mvuke ukamrukia usoni.

"Kaka, niliangalia," alisema kwa midomo mizito. "Mshale ulikuwa chini. Niliangalia."

Kaari akaingiza mkono dirishani, akazima gari. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko ngurumo.

Mama yao, Gatakaa, alikaa ukingoni mwa barabara, kitambaa cheupe kichwani, macho yake yamefunikwa na utando kama maziwa. "Nani amezima?"

"Ni mimi, mama. Kaari."

"Yule fundi?" Alinyoosha mkono hewani mpaka Kaari akaupokea. "Mwari wakwa, binti yangu. Mtoto wangu anasema aliangalia pale alipoambiwa aangalie. Sasa nani amedanganya, yeye au gari?"

Mwongera alimtazama Kaari. Macho yake yalimsihi, na midomo yake ikaumba neno moja bila sauti: panya.

Kaari alimpenda hata saa hiyo, na hilo ndilo lililomtia hofu. Akamshika mkono, akamvuta mpaka wakawa mbele ya mama wote wawili.

"Mwambie," alisema taratibu. "Mwambie wewe, mpenzi. Mimi sitaondoka." Neno hilo la mpenzi hakuwa amewahi kumwita.

Mwongera akafungua mdomo. Lori lililobeba mawe lilikuwa linapanda mlima, likapita likilia, likachukua muda wote wa dunia. Lilipokwisha kupita, mama alikuwa bado amegeuza uso upande wa mwanawe, akingoja.